Tundu la Mita Mbili: Hotuba Kuhusu Vita Ndani ya Filamu

Hotuba hii ilitolewa Kisumu mbele ya waandishi wa skripti, wapiga picha na wahariri wa video. Tumeiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Vipande vya filamu vilivyooneshwa ukumbini vimeachwa.

Wazee wetu, kina mama, vijana wa kamera, hamjambo? Mliotoka Bungoma, Kakamega na Nakuru, poleni na barabara.

Tuanzie kwenye banda la video. Benchi la mbao, pazia jeusi mlangoni, joto la kutosha kukausha omena, na sauti ya DJ ikisimulia muvi juu ya muvi yenyewe. DJ Afro mnamjua, na waliomwiga mnawajua pia. Sasa niambieni: msimulizi wa aina hiyo akifika kwenye pigano kubwa, anafanya nini? Anausifu moto? Hapana, anahesabu! Anawaambia staringi amebakiza risasi ngapi, adui wamejificha upande gani wa ukuta, na mlango wa kutokea uko wapi. Kule benchi la nyuma yuko mtu ambaye kichwa cha mwenzake kimemziba nusu ya skrini, na DJ anajua kwamba mtu huyo haogopi asichoweza kukipima.

Shikeni hapo hapo. Mtu haogopi asichoweza kukipima. Filamu za vita na hizi za anga za mabilioni ya pesa ni ndugu wa tumbo moja, na zote zinasimama au kuanguka juu ya jambo hilo.

Chukueni inayojulikana kuliko zote, Star Wars ya George Lucas, ya mwaka 1977. Adui ana kituo kikubwa kama mwezi. Waasi wana ndege ndogo chache. Mwandishi mwenye pupa angezirusha mara moja, moto huku, moto kule, na mtazamaji angebaki akitafuna njugu. Lucas kwanza anawakalisha marubani chumbani. Anawawashia ramani ya mistari. Mzee mmoja anawaeleza: kuna mfereji, mtapita ndani yake, na mwisho wake kuna tundu la kutolea joto. Kombora likiingia humo, kituo chote kinalipuka. Upana wake mita mbili.

Mita mbili! Rubani mmoja anaguna kwamba hilo haliwezekani, hata kwa kompyuta. Kijana wa shambani aliyekaa karibu naye anajibu kwamba kule kwao alizoea kulenga wanyama ambao hawazidi sana mita mbili. Maongezi mafupi tu, na tayari tunajua njia, tunajua mlango, tunajua ukubwa wa mlango, na tunajua kwa nini kijana huyu na si mwingine. Mtoto wa Siaya aliyekua akilenga ndege kwa manati haelezwi mara mbili.

Je, Lucas aliokota wapi ujanja huu? Kwenye filamu za vita. Picha za mapigano ya angani zilipokuwa hazijakamilika, aliunganisha vipande vya ndege za Vita vya Pili vya Dunia na kuviweka mahali pake kwa muda, ili mafundi wajue kila ndege ipite upande gani na kwa sekunde ngapi. Na ule mfereji una mzazi wake: The Dam Busters, filamu ya Kiingereza ya 1955. Hata Gilbert Taylor, mpiga picha mkuu wa Star Wars, alikuwa ameshughulikia picha za athari maalumu kwenye hiyo ya zamani.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943, ndege 19 za Uingereza zilikwenda kuyabomoa mabwawa ya Ujerumani. Bomu lao lilirukaruka juu ya maji, kama jiwe bapa ambalo watoto hulirusha ziwani pale Dunga. Ili liruke sawasawa, ndege ilipaswa kuwa futi 60 juu ya maji, yaani mita 18 hivi. Usiku. Huku inapigwa mizinga. Vipimo vya kawaida vya ndege havikufaa kwa kimo kidogo kiasi hicho. Wakafunga taa mbili chini ya ndege na kuziinamisha, hivi kwamba miale yake ikikutana juu ya maji, umefika futi 60. Na umbali wa bwawa je? Kipande cha mbao chenye tundu la kuchungulia na misumari miwili. Misumari ikilingana na minara miwili ya ukuta wa bwawa, achia bomu. Ndege 8 hazikurudi. Katika watu 133 waliokwenda, 53 walikufa.

Taa mbili na misumari miwili. Hebu fikirieni kama waongozaji: viduara viwili vya mwanga vinasogeleana juu ya maji meusi. Bomu halijaanguka, na tayari umeshika kiti.

Sasa tuje kwenye kazi. Kabla hujaandika vita, chora ramani ya uwanja kwenye karatasi moja: wetu walipo, adui alipo, kinachogombewa, na njia ya kutokea. Kisha piga mstari kutoka kwa wetu hadi kwa adui, na uiweke kamera upande mmoja wa mstari huo. Wetu wakianza kukimbilia kulia kwa skrini, wakimbilie kulia mpaka mwisho. Wakigeuka, tuwaone wakigeuka ndani ya shoti moja.

Hili huharibikaje? Kwa jua. Asubuhi umepiga picha jua likiwa mgongoni mwako. Mkala chakula, mkarudi saa tisa, jua sasa linaingia kwenye lenzi. Mpiga picha anahama kwenda ng'ambo ya mstari, roho yake imetulia kwa sababu picha ni nzuri. Mezani pa uhariri, wetu na adui wote wanakimbilia upande mmoja kana kwamba wanafukuza matatu. Hakuna athari ya kompyuta itakayokuokoa. Dawa ni kupiga upande wa wetu wote asubuhi na upande wa adui wote alasiri, hata kama mpangilio wa skripti unasema vingine. Na kila shoti nne au tano, turudishie picha pana. Vijana wanapenda sana nyuso za karibu. Nyuso tano za karibu mfululizo, na hakuna anayejua tena mto uko wapi.

Ramani pekee haitoshi. Kipimo lazima kitembee.

Mnaikumbuka Aliens ya James Cameron, 1986? Wanajeshi wamejifungia chumbani, wameziba milango, na wana kifaa kinachoonesha umbali wa kila kitu kinachosogea. Mmoja anasoma kwa sauti, na mita zinapungua. Zinapungua. Zinapungua mpaka zinakuwa chache kuliko umbali wa kufika mlangoni. Namba inasema adui yumo ndani, macho yanasema chumba ni kitupu. Nani kasema uongo? Hakuna. Wanainua macho, wanatazama dari.

Jamani! Waandishi, hiyo isomeni mara kumi. Kilichotutisha ni kutoa tu: umbali wa mlango, toa umbali wa adui. Mnyama mwenyewe hajaonekana bado.

Christopher Nolan naye, kwenye Dunkirk ya 2017, amegawa hadithi kwa nyakati tatu: gatini wiki moja, baharini siku moja, angani saa moja. Wengi walilalamika kwamba inachanganya, na nusu yao nawaunga mkono, maana mara ya kwanza unahitaji subira. Lakini mtazameni rubani. Kipimo chake cha mafuta kinaharibika mapema. Anamwuliza mwenzake kwa redio amebakiwa na kiasi gani, kisha anaandika kwa chaki mbele yake. Chaki! Kuanzia hapo kila akigeuka kumfuata adui, sisi kwenye viti tunamfanyia hesabu: je, atarudi? Kipande cha chaki kimefanya kazi ambayo ndege ishirini za kompyuta zisingeifanya.

Na 1917 ya Sam Mendes, iliyotoka 2019 na kutengenezwa ionekane kama shoti moja ndefu. Askari wawili wanapeleka barua. Wasipofika kabla ya shambulio la alfajiri, watu 1,600 wataingia mtegoni. Ugumu wa kuitengeneza ulikuwa huu: kama hukati picha, huwezi kufupisha mwendo. Maneno yakiisha kabla ya handaki kuisha, waigizaji watabaki wanatembea kimya kama wanaokwenda kuchota maji. Handaki likiisha kabla ya maneno, wamegonga ukuta. Kwa hiyo mazoezi yalifanywa kwanza kwenye viwanja vitupu, maneno yakapimwa kwa hatua, ndipo mahandaki yakachimbwa kwa urefu uliopatikana: zaidi ya mita 1,500 kwa jumla. Nyie hamna pesa za kuchimba hata mita kumi, najua. Lakini kamba na vijiti mnavyo. Nendeni uwanjani, semeni maneno yenu mkitembea, chomekeni kijiti yanapoishia. Ukurasa mmoja wa maongezi ukitembewa kwa mwendo wa haraka unakula mita 80 hadi 100. Wengi hugundua hilo siku ya kupiga picha, wakati mwenye shamba ameshaanza kukunja uso.

Kuna atakayeuliza kuhusu ufukwe wa Saving Private Ryan, 1998, kwa hiyo nimjibu mapema. Ile picha ya kukwaruza, mchanga ukiruka punje moja moja, ilitokana na shata, yaani kile kifuniko ndani ya kamera kinachofunguka na kujifunga kuruhusu mwanga kwa kila fremu. Kawaida shata ya kamera ya filamu hufunguliwa nyuzi 180. Spielberg na mpiga picha wake Janusz Kamiński walitumia 90 na 45. Kwa simu yako inayopiga fremu 25 kwa sekunde, 180 ni sawa na 1/50 ya sekunde, 90 ni 1/100, na 45 ni 1/200. Ukungu wa mwendo unapungua, kila kipande cha udongo kinaonekana. Lakini kila ukipunguza nyuzi kwa nusu, umepoteza nusu ya mwanga, kwa hiyo fanya hivyo juani. Ndani ya nyumba yenye taa za umeme, 1/200 inaweza kukuletea mistari inayopanda na kushuka kwenye picha, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Na usiitumie kwenye mazungumzo. Watu wakinywa chai kwa 1/200 wanaonekana wana malaria.

Ila si shata iliyoishikilia filamu ile kwa karibu saa tatu. Kilichoishikilia ni hesabu: watu wanane wanahatarishwa ili kumrudisha mmoja kwa mama yake. Wanabishana juu ya hesabu hiyo njia nzima. Nahodha wao amehesabu hata waliokufa chini ya amri yake, 94, na anajifariji kwamba kila mmoja wao ameokoa wengine kumi. Ukimsikiliza vizuri unajua kwamba hiyo ni dawa anayojipaka mwenyewe. Wala hajasema kwao alikuwa akifanya kazi gani. Askari wake wanachangishana pesa kubahatisha. Anapofichua kwamba ni mwalimu wa shule, anafichua kusudi, wakati askari wake wameanza kutishiana bunduki. Habari ndogo, imetunzwa mpaka siku yenye thamani.

Sasa tugeukie mifululizo mikubwa na ugonjwa wake. Ugonjwa ni mfumuko, sawasawa na wa bei ya sukari. Tubaki na Star Wars: mwaka 1977 kituo cha adui kinalipua sayari moja. Mwaka 1983 kinajengwa kingine, kikubwa zaidi. Mwaka 2015, kwenye The Force Awakens, silaha mpya inalipua sayari kadhaa kwa mpigo mmoja. Niulize: ni zipi zilizokuuma? Ya 1977, sivyo? Na hata hatukuiona vizuri. Tuliona uso wa binti mmoja aliyelazimishwa kusimama na kutazama kwao kunavyoteketea. Zile za 2015 hatumjui mkazi wake hata mmoja. Mizani ilibeba sayari, ikasahau kubeba mtu.

Tazameni Wajerumani walivyoliweka jambo hilo mwaka 2022 kwenye All Quiet on the Western Front ya Edward Berger. Askari anakufa mwanzoni kabisa. Sare yake inavuliwa, inafuliwa pamoja na za wengine kwenye maji yaliyogeuka mekundu, inashonwa matundu kwa cherehani, kisha kijana mpya anakabidhiwa huku akicheka kwa furaha. Anaona kibandiko chenye jina la mtu mwingine. Karani anakibandua na kumwambia pengine haikumtosha mwenyewe. Kina mama wa mitumba wa Kibuye hawahitaji mtafsiri hapo. Nguo ina mtu wake wa kwanza. Mamilioni ya waliokufa yamekaa ndani ya koti moja, na koti hilo lingeweza kupigwa picha kwenye chumba cha fundi cherehani yeyote mjini humu.

Ndiyo maana naithamini Rogue One ya 2016 kuliko nyingi za ukoo wake wa Star Wars. Badala ya kutafuta bomu kubwa zaidi, ilirudi kwenye lile tundu la mita mbili na kuuliza: nani aliliweka, na nani alikufa ili ramani iwafikie waasi? Kundi zima la staringi linakufa. Banda la video linasema staringi hafi. Hapa wamekufa wote, na filamu ya 1977 ikawa nzito zaidi baada ya miaka 39. Mkiandika sehemu ya pili ya hadithi yenu, msipande juu. Ingieni ndani.

Nipitie kando kidogo, maana ni letu. Katika Return of the Jedi, 1983, yuko rubani msaidizi mwenye mashavu makubwa, Nien Nunb. Lugha yake ya sayari ya mbali? Sauti ni ya Mkenya aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani, Kipsang Rotich, na ndani yake kuna Kikuyu kitupu. Ulimwengu uliposikia lugha ya anga, Wakenya walisikia maneno ya nyumbani na kuangua kicheko. Kwenye filamu ya 2015 yumo tena, pamoja na Lupita Nyong'o, ambaye ukoo wake ni wa Seme hapa jirani, akiigiza kiumbe mzee kwa kunaswa miondoko, yaani kompyuta inachukua mwendo wake na kumvisha kiumbe huyo. Na ngurumo ya zile ndege za adui, ambayo fundi sauti Ben Burtt aliitengeneza? Mlio wa tembo uliochanganywa na gari linalopita kwenye barabara yenye maji. Vijana, viboko wako pale Hippo Point. Rekodi kwa simu, kutoka mbali, maana kiboko hajui kwamba wewe ni msanii. Punguza kasi kwa nusu, na sauti inashuka oktavu nzima. Umepata injini ya meli ya anga kwa nauli ya bodaboda.

Hadithi ya kisayansi haihitaji meli, kwa kweli. Wanuri Kahiu alituonesha mwaka 2009 kwa Pumzi, filamu ya dakika ishirini na kidogo. Vita vya maji vimepita, watu wanaishi ndani, hata jasho na mkojo vinachujwa vinywewe. Kila tone lina bei. Kwa hiyo Asha anapotoka nje na kumpa mche maji yake, tunajua kwa usahihi ametoa nini. Sisi tulio kando ya ziwa, tukiwa na mitaa inayonunua maji kwa mtungi wa lita 20, hatuna udhuru wa kutokuelewa.

Nimebakiza moja, na hii ni ya nyumbani kabisa. Kariokor, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Katika vita vya 1914 hadi 1918, wapagazi walibeba jeshi la Uingereza kuelekea Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Jimbo la Nyanza, ndiye aliyekabidhiwa kusimamia kazi ya kuwakusanya, na Nyanza ikatoa vijana wengi. Idadi rasmi ya wapagazi waliokufa inazidi 40,000, wengi wao kwa maradhi. Kuna sanamu ya ukumbusho pale Kenyatta Avenue, Nairobi, na maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Mwandishi anayeambiwa "andika filamu ya vita hivyo" anawaza mizinga, kisha anakata tamaa. Mimi nasema achana na mizinga, hesabu unga.

Tuseme mpagazi amebeba kilo 25 na anakula kilo moja kwa siku, kutoka kwenye mzigo huo huo. Akitembea siku kumi kwenda, amebakiza 15. Kumi ni za kurudi. Amefikisha tano. Kambi ikiwa umbali wa siku kumi na mbili, anafikisha moja. Siku kumi na tatu? Hafikishi kitu, na kurudi hawezi kwa shibe. Mnaona? Hiyo ndiyo saa ya ukutani ya filamu yako. Kila jioni gunia linapunguka. Na unga wa mahindi unataka maji, kuni na muda. Wakifika kambini usiku, mvua inanyesha, watakula uji mbichi, na uji mbichi kwa tumbo lisilouzoea ni kuhara. Kuhara kuliua kuliko risasi. Kwa hiyo swali la kila jioni ni moja: sufuria itachemka kabla ya watu kulala, au haitachemka?

Mahitaji: gunia moja, mizani ya soko, sufuria, kuni zilizolowa, waigizaji wanne, na njia ya mlimani ambako nyaya za umeme hazionekani. Msizidishe wanne, la sivyo hatutajua ni nani aliyekosa kuamka asubuhi. Shoti ya kwanza iwe ya mizani, karibu kabisa, mshale ukitua kwenye 25. Kila asubuhi tupimie tena, kamera pale pale, lenzi ile ile, mkono wa mtu yule yule. Halafu asubuhi moja mkono uwe wa mtu mwingine, na msiseme lolote.

Asanteni. Tuchukue maswali sasa, na walioko nyuma waseme kwa sauti.